Mtoto Analala Wapi?

Mazungumzo ya kikundi chetu cha wahitimu wa kisomo, yaliyosomwa mbele ya wanakijiji wenzetu chini ya mwembe wa shule



Leo hatukuja kuzungumza habari za mbolea. Wala hatukuja kuzungumza bei ya pamba. Mambo hayo ni makubwa na yana siku yake. Sisi leo tumekuja na jambo dogo. Tumekuja na chumba kidogo, chumba cha mtoto.

Tunajua kuna watakaosema, "Hee! Hata chumba cha mtoto nacho kina mazungumzo? Mtoto akipata pa kuweka ubavu, si basi?" Hatuwalaumu. Sisi nasi tulikuwa tunasema hivyo hivyo. Kilichotubadilisha ni swali moja tuliloulizwa usiku katika zahanati. Basi tuanze na habari ya usiku huo, halafu tuje kwenye chumba chenyewe.

Swali la nesi

Ilikuwa baada ya mavuno. Mmoja wa kikundi chetu alikuwa na magunia manne ya mahindi. Aliogopa wadudu. Akanunua sokoni vidonge vya kufukizia mahindi. Aliuziwa vichache, vimefungwa katika kipande cha karatasi, bila maelezo yoyote. Akavitia katika magunia. Magunia yenyewe yalikuwa wapi? Yalikuwa chumbani kwa watoto. Kwa kuogopa wezi, dirisha la chumba hicho lilikuwa limezibwa.

Usiku mtoto mdogo akaamka analia. Kichwa kinauma. Akatapika. Mama yake akasema, "Baba watoto, hii ni malaria." Wakampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Njiani, katika upepo, mtoto akapata nafuu kidogo.

Nesi akampima. Kisha akauliza, "Mama, mtoto huyu analala wapi?"

"Chumbani kwao, nesi. Na wenzake wawili."

"Na humo chumbani mna nini kingine?"

Mama akaanza kutaja. Mna plau. Mna baiskeli, ikiwa haijatoka. Mna pampu ya kupulizia pamba. Mna magunia, tumeyatia dawa jana. Alipofika hapo nesi akaacha kuandika. Akamwambia baba, "Wewe rudi nyumbani mbio. Watoe wengine sasa hivi. Waache nje kwenye hewa, halafu uwalete."

Ndugu zetu, watoto wote watatu walipona. Tulibahatika. Vidonge vile, vikikutana na unyevu ulio hewani, hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo huua mdudu ndani ya gunia. Huua na mtu pia. Haichagui. Na mtu akishaivuta, hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini mwake. Waganga humsaidia tu apumue na moyo uendelee kupiga, mpaka mwili wake wenyewe uishinde.

Baba wa mtoto huyo yumo katika kikundi hiki. Yupo hapa leo. Ndiye aliyetuambia, "Semeni. Mimi ninaona haya, lakini semeni."

Tulipima kwa futi

Baada ya usiku ule tulikaa kikundi kizima tukaulizana. Je, ni yeye tu? Kila mmoja akasema watoto wake wanalala na nini. Mmoja ana mbegu na mbolea. Mmoja ana kuku. Mmoja ana pikipiki yenye petroli. Tukaona kumbe kosa si la mtu mmoja. Katika nyumba zetu nyingi, chumba cha mtoto ndicho ghala. Kila kitu kisicho na mahali pake hupelekwa kwa mtoto, maana mtoto hana kauli.

Ndipo tukakumbuka hesabu tulizojifunza kisomoni. Tukaazima futikamba ya fundi, tukaenda kupima chumba kile.

Chumba kina futi 8 upande mmoja na futi 10 upande wa pili. Mara 8 kwa 10 ni 80. Yaani sakafu ile ingegawanywa katika miraba yenye futi moja kila upande, ingekuwa miraba 80.

Sasa tukapima vitu.

Magunia manne, mawili juu ya mawili: miraba 12.
Plau: miraba 12.
Baiskeli: miraba 12.
Pampu, ndoo, majembe na makorokoro ya pembeni: miraba 8.

Jumlisheni wenyewe. Ni miraba 44. Imebaki 36. Watoto watatu wanalala kwenye mkeka wa futi 4 kwa futi 6, yaani miraba 24. Imebaki miraba 12 ya watoto watatu kukanyaga, kuvaa, kukaa na kusoma.

Vitu 44. Watoto 36. Tulitazamana tukanyamaza. Siku zote tulisema chumba ni kidogo. Kumbe tulikigawa vibaya sisi wenyewe.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini lile plau limekaa chumbani kwa mtoto tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeliambia liende shamba.

Kwanza, toa kisicho cha mtoto

Kazi ya kwanza haina gharama. Simama mlangoni. Nyosha kidole kwenye kila kitu. Uliza, "Hiki ni cha mtoto?" Kama si chake, kitoke.

Mtauliza, kitoke kiende wapi? Swali ni la haki. Sisi tulifanya hivi.

Plau na majembe tuliyapeleka kwenye kibanda kidogo cha fito nyuma ya nyumba. Kibanda kile kilijengwa kwa siku mbili. Plau tulilifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Baiskeli inalala sebuleni. Kama sebule ni ndogo, itundikwe kwenye kenchi kwa kamba mbili. Pikipiki na petroli visilale kabisa mahali wanapolala watu. Mvuke wa petroli hushika moto haraka.

Dawa za shamba na pampu yake, hayo ni mambo ya kufuli. Tulitengeneza sanduku la mbao, tukalitundika juu ndani ya kibanda, mtoto hafiki. Ufunguo anao mtu mzima mmoja. Na tafadhalini, dawa ibaki katika chupa yake yenye maandishi. Tusiimimine katika chupa ya soda. Mafuta ya taa vilevile. Mtoto akiona chupa ya soda huona soda. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu yakamwumiza zaidi. Mkimbize zahanati.

Sasa mahindi. Hapa ndipo palipozuka ubishi katika kikundi chetu. Mzee mmoja alisema, "Mahindi ndiyo uhai wetu. Nikiyaweka nje yakaibwa, mtoto atakula hicho chumba?" Mzee alisema kweli. Wezi wapo. Panya wapo. Lakini mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Baba, mahindi hayo tunamwekea nani kama si huyo mtoto?" Ubishi ukaisha kwa kutafuta njia ya kulinda vyote viwili.

Njia tuliyoipata ni hii. Siku hizi kuna mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki, na nje lina gunia la kawaida. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo hukosa hewa wakafa. Haihitaji dawa hata chembe. Ila mahindi yawe makavu sawasawa. Kupima ni rahisi. Chukua chupa kavu iliyo wazi kuonekana ndani. Tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi. Tikisa, uache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yarudi juani.

Mahindi yasiyo na sumu unaweza kuyaweka hata sebuleni au chumbani kwako wewe mzazi. Yaweke juu ya vichaga vya mbao, yasiguse ukuta. Yasirudi chumbani kwa mtoto, maana panapo nafaka huja panya, na panapo panya nyoka naye huja kumtafuta. Na mwenye mahindi ya vidonge ajue hivi: mahindi hayo hayalali nyumba moja na watu. Kazi ya vidonge ni ya mtu aliyefundishwa, katika ghala la peke yake. Mwulizeni Bwana Shamba kabla, msimwulize muuza sokoni.

Pili, sakafu ni ya mtoto, vitu vipande ukutani

Chumba kina sakafu moja, lakini kina kuta nne. Sisi huijaza sakafu na kuziacha kuta tupu. Tugeuze. Sakafu ibaki ya mtoto, na vitu vipande juu.

Vigingi. Chonga vijiti vya mti mgumu, urefu wa kiganja. Katika ukuta wa tofali za udongo usipigilie kwa nguvu, utabomoa. Chimba tundu dogo, litie maji kidogo, ingiza kigingi, ziba kwa udongo uliokandwa na majani makavu. Uache siku tatu ndipo utundike kitu. Kila mtoto apate vigingi viwili vyake: kimoja cha nguo za shule, kimoja cha nguo za nyumbani. Viwe kwenye kimo cha mtoto. Ukivipandisha sana, nguo zitarudi chini.

Mfuko wa ukutani. Chukua kiroba cha zamani, kifue, kifungue. Shonea juu yake mifuko sita ya vitambaa. Kitundike ukutani. Humo mtakaa madaftari, kalamu, kitana, mswaki. Mama mmoja wa kikundi chetu alishona wa kwanza. Wiki ya pili majirani watano walikuja kuiga.

Rafu. Ubao mmoja juu ya mlango, kutoka ukuta hadi ukuta, ni rafu tosha. Ni mahali ambapo hapatumiki kwa lolote. Hapo weka vitu vyepesi visivyotumika kila siku, kama blanketi la wakati wa baridi. Vitu vizito visikae juu ya kichwa cha mtoto.

Mlango nao ni mwizi wa nafasi. Mlango wa ndani unaofunguka kuelekea chumbani hula sakafu kila unapofunguliwa. Fundi anaweza kuugeuza ufunguke kuelekea nje ya chumba. Au tumia pazia.

Tatu, kitanda na chandarua

Familia yenye uwezo iangalie kitanda cha juu na chini, kile wanafunzi wa bweni wanachokiita dabodeka. Kwa chumba chetu cha futi 8 kwa 10, fundi alitengeneza cha chini chenye futi 4 kwa 6 na cha juu chenye futi 3 kwa 6. Chini wanalala wawili, juu mmoja. Kimechukua miraba 24 tu, sawa na ule mkeka wa zamani. Imebaki miraba 56. Hebu linganisheni. Kabla, watoto walikuwa na miraba 12 ya kukanyaga. Sasa wanayo 56. Na hatukuongeza hata tofali moja.

Lakini kitanda cha juu kina masharti. Mtoto aliye chini ya miaka 6 asilale juu. Kiwe na ubao wa kumzuia asianguke. Ngazi ipigiliwe imara. Na kusiwe karibu sana na bati, maana mchana bati huwaka kama kikaango, na joto lake hukaa mpaka usiku. Mtoto akikaa kitako juu ya kitanda, kichwa kisifike kwenye kenchi.

Chini ya kitanda pia pana nafasi. Kitanda kikiwa na miguu mirefu, tranka la nguo litaingia chini yake. Kama miguu ni mifupi, iinue kwa tofali imara, zisitikisike. Tranka likae juu ya vipande vya mbao lisishike kutu, nawe ulivute kila wiki ufagie. Mahali pasipofagiwa ndipo wadudu hufanya makao.

Na asiye na kitanda? Asione haya. Mkeka ni kitanda chenye akili. Asubuhi ukunjwe, upigwe jua, utundikwe kwenye vigingi viwili. Hapo mchana kutwa mtoto ana miraba yote 80. Hata mwenye dabodeka hana hiyo.

Chandarua sasa. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na ni usiku huo mtoto amelala hajui. Kwa hiyo kila mahali pa kulala pawe na chandarua chenye dawa, iwe kitanda au mkeka. Kipya kitoe katika mfuko wake, kianike kivulini kwa saa 24 ndipo ukitumie. Kikichafuka, fua taratibu kwa sabuni ya kawaida na maji baridi. Usikisugue kwenye jiwe. Anika kivulini, maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Usiku kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote. Mchana kikunje juu, ukifunge fundo. Kwa njia hiyo hakichaniki, na chumba kinaonekana kikubwa. Kwa kitanda cha juu na chini, cha chini kifungwe kwenye mbao za kitanda cha juu, na cha juu kifungwe kwenye kenchi. Chandarua si cha kufugia kuku wala kuvulia samaki. Tunaelewana, sivyo?

Nne, fungua dirisha

Tulipolizibua lile dirisha, tulishangaa. Chumba kile kile kilionekana kimepanuka. Mwanga nao ni nafasi.

Tunaziba madirisha kwa sababu ya wezi, baridi na mbu. Lakini hewa ikikwama ndani, kikohozi cha mmoja ni kikohozi cha wote. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa. Dirisha liwe wazi mchana. Kwa wezi, weka nondo au fito ngumu. Kwa mbu, weka wavu. Kama unaweza, acha tundu jingine ukuta wa pili, karibu na paa, hewa iingie huku na kutokea kule.

Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa mtoto hata siku ya baridi kali. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haionekani na hainuki. Watu hulala nayo wasiamke. Kibatari vilevile kisikae karibu na chandarua. Taa ndogo ya jua ni bora. Haina moshi, haina moto, na mtoto atasomea.

Tano, mahali pa kusomea

Sisi tulijifunza kusoma tukiwa wakubwa. Tunajua taabu yake. Tulikuwa tunasomea juu ya magoti, na herufi zinayumba kama mlevi. Je, tunataka watoto wetu wapite njia hiyo hiyo?

Meza kubwa haitaingia. Lakini ubao wa futi moja na nusu kwa futi mbili utaingia. Fundi aufunge ukutani chini ya dirisha kwa bawaba mbili, na kamba mbili imara za kuushika kwa juu. Ukitaka kusoma, unaushusha. Ukimaliza, unaupandisha na kuufunga kwa kijiti. Kiti ni lile tranka la chini ya kitanda. Yule mtoto aliyeugua, ubao huo sasa ni wake na dada yake. Wamegawana zamu. Baba yake anasema jioni hupita mlangoni mara tatu, nne, bila shida yoyote, ili aone tu.

Kuhusu wavulana na wasichana

Jambo hili tuliseme wazi. Watoto wadogo hulala pamoja. Wakikua, mila na dini zetu zinataka watenganishwe, na ni haki. Pasipo chumba cha pili, wasichana wanaweza kulala kwa bibi yao, kama wazee wetu walivyofanya. Kama bibi hayupo, pazia zito ligawe chumba, kila upande na vigingi vyake. Hata hivyo pazia ni la muda. Mwenye kujenga sasa apange mapema chumba cha pili, japo kidogo.

Gharama je?

Wengine wanasema, "Hayo ni ya wenye fedha." Hebu tuhesabu. Kutoa plau ni bure. Kuzibua dirisha ni bure. Vigingi ni bure. Kiroba ni cha zamani. Kukunja mkeka ni bure. Vinavyotaka fedha ni kitanda, mifuko ya nafaka, rafu na ubao wa kusomea. Hivyo vinakuja kimoja kimoja, msimu hata msimu. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatusemi tumemaliza. Katika kikundi chetu cha watu 14, nyumba 9 zimeshatoa vitu vyote visivyo vya watoto. Nyumba 3 zimetoa dawa na magunia, bado plau na makorokoro. Nyumba 2 bado tunabishana nazo. Lakini hakuna hata nyumba moja yenye sumu ndani ya chumba cha mtoto. Hilo tuliapa.

Wazee wetu waliopo hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 katika nchi yetu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili. Lakini hawakuishia kujadili. Walitoka wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Nasi tusiishie chini ya mwembe huu.

Tunamaliza

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi huwakaribisha wageni sebuleni, tukawapa kiti kizuri. Mgeni hafiki chumbani kwa mtoto, na ndiyo maana tunakisahau. Leo ukifika nyumbani, kabla hujaketi, pita moja kwa moja mpaka chumbani kwa mtoto. Inama, ulale pale anapolala. Vuta hewa anayoivuta. Tazama kilicho karibu na kichwa chake. Halafu ujijibu lile swali la nesi: mtoto wangu analala wapi?



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Chumba cha mtoto wako kina futi ngapi kwa ngapi? Pima, uandike.
2. Vitu visivyo vya mtoto vimechukua miraba mingapi? Mtoto amebakiwa na mingapi?
3. Dawa za shamba na mafuta ya taa nyumbani kwako hukaa wapi? Nani ana ufunguo?
4. Ni kitu gani kimoja utakitoa chumbani kwa mtoto leo kabla ya jua kuzama?